Kiganja cha Mama Upawa

Mke wangu si mwongo. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watu mtaani kwetu, na wengine ni ndugu kabisa, waliosema kinyume chake wakati shemeji yangu anaumwa, na wapo wanaosema mpaka leo wakidhani sisikii kwa kuwa nimeinamia kiatu. Nasikia. Fundi viatu mikono ndiyo inayofanya kazi, masikio yapo tu, yanaokota kila kinachopita barabarani. Mwenye neno lake aje anieleze usoni, nyundo iko hapa hapa mezani.

Mke wangu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Alikuwa, niseme. Wafanyakazi walimwita Mama Upawa kwa sababu upawa haukumtoka mkononi: anapikia nao, anaelekezea nao, na kijana akijifanya kurudi mara ya pili kwenye foleni anafukuzwa nao huo huo. Ni mwanamke mnene, mcheshi, akiita mtu wa ng'ambo ya barabara wanageuka na wasiohusika. Nilimpenda vile vile alivyo. Isingekuwa ugonjwa wa mdogo wake asingepungua hata ratili moja, na mimi nisingelalamika.

Mdogo wake alikuwa mmoja tu, kitindamimba wao, na wazazi walishatangulia. Kazi yake ilikuwa kunyoa. Alikuwa na kibanda chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na wote tulimwita Kinyozi, hata mkewe. Figo zake zilikufa kimyakimya bila kupiga hodi. Alivimba miguu, tukasema ni kusimama kutwa. Akavimba uso, tukasema ndoa imemkubali. Siku alipoanguka na mashine ya kunyolea mkononi, mteja kichwa nusu, ndipo tulipomkimbiza hospitali tukaambiwa zote mbili hazifanyi kazi. Tangu hapo akawa mtu wa kusafishwa damu. Leo yuko kwenye mashine, kesho yuko hoi kitandani, kesho kutwa anarudi tena. Walimtia mrija shingoni, ukafunikwa na plasta, na mwanamume aliyekuwa akijipulizia manukato mpaka wateja wanapiga chafya akawa ananukia dawa.

Tulipimwa wote. Damu yangu haikupatana naye, ya mkewe pia haikupatana. Ya dada yake ilipatana kwa kila kipimo. Alishangilia pale pale kwenye korido ya hospitali, akajipiga kiuno: "Chukueni hata leo! Mimi nimebeba masufuria miaka yote, figo moja itanishinda?" Nesi aliyesimamia watu wanaotoa viungo, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba shingoni, akamkalisha kwenye benchi. Akamwambia uzito umezidi, presha inapandapanda, na sukari iko mlangoni inachungulia. Wakimpasua hivyo hivyo watajikuta na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Apunguze kilo kumi na tano, presha itulie, ndipo kamati ya hospitali itamkubali.

"Na nataka uweke kumbukumbu kila siku," nesi akasema. "Mazoezi uliyofanya na chakula ulichokula. Chote, usiruke kitu. Njia chagua mwenyewe, ilimradi iwe ile utakayoiweza mpaka mwisho."

"Na mdogo wangu anaweza kusubiri mpaka lini?"

Nesi alivua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. "Mrija wa shingoni si kitu cha kukaa nacho sana, mama. Ukiingia uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye damu. Fanya upesi."

Tukatoka na hilo neno. Upesi. Njia nzima hakuna aliyemtania mwenzake.

Basi tukaanza kutafuta njia ya kuweka hizo kumbukumbu, na nyumba ikageuka uwanja wa vituko. Binti yetu alimwekea mama yake programu kwenye simu. Kidude kile kila akigusa kinauliza gramu ngapi. "Gramu!" mke wangu akafoka. "Mimi napika sufuria la watu mia mbili, gramu nitazijulia wapi?" Akiandika maharage, kinamletea maharage ya kopo na picha yake. Halafu ncha za vidole vyake zimelainika kwa miaka ya mafuta na maji ya moto, simu haizitambui, anabonyeza inamkataa kama karani mwenye maringo. Na kila jioni, awe amejaza au hajajaza, kinamrushia maputo na kumpongeza. Siku ya nne akasema, "Hiki kinanisifia nini? Sijafanya kitu." Akamrudishia binti akifute.

Tukajaribu daftari. Tulilitundika kwa kamba jikoni, likanyonya mvuke likavimba. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alilisoma lote amesimama, na kufikia jioni mtaa mzima unajua Mama Upawa amekula yai moja la kuchemsha. Na mimi nami, nani alinituma, nilikuwa nalisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilirushiwa kifuniko cha sufuria, na daftari likaishia kuwashia moto.

Kisha ikaja kalenda ya ukutani, alama ya mkaa kwa matembezi na duara kwa chakula. Wiki ilipoisha tukasimama mbele yake wote watatu tukiikodolea macho. Duara hili ni wali au ni kabichi? Na hili kubwa, lina maana alikula sana au mkaa ulikuwa butu? Mwenyewe hakukumbuka.

"Basi," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye kungoja figo. Huyo ndiye wa kumpa hesabu. Mashine naweza kuizunguka, daftari naweza kuliruka, mdogo wangu nitamtazamaje?"

Ndiyo njia aliyoichagua. Kila jioni akirudi kazini anakaa kwenye kizingiti, anafuta mkono kwenye aproni, anabonyeza simu kwa kifundo cha kidole, maana hicho simu ilikuwa inakitambua, halafu anamrekodia Kinyozi ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, dada hapa. Asubuhi nimezunguka uwanja wa shule na shemeji yako, kahema yeye kabla yangu. Nikarudi nikaruka kamba uani, watoto wa jirani wakaja kushangilia nikawafukuza. Nimekunywa chai kavu na yai. Mchana kabichi na kipande cha kiazi, kidogo kama sabuni ya wageni. Usiku sijui bado, ila usitegemee makubwa." Anaachia kifundo, ujumbe unakwenda.

Nesi alipoambiwa aliipenda. Alisema mtu anayemdanganya mgonjwa wake amejidanganya mwenyewe, na kwamba atakuwa anapita kusikiliza.

Kinyozi naye akaipokea kwa mbwembwe zake. Ujumbe wa dada yake aliuwekea mlio wa jogoo. Wako pale zamu ya jioni, wamelala safu nzima, kila mmoja na mashine yake inazungusha damu, kimya, mara jogoo anawika. Mwanzoni walishtuka, baadaye wakawa wanamngoja. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anauliza, "Dada yetu leo kala nini?" Nilikuwa nampeleka shemeji hospitali siku nyingine, nikawaona kwa macho yangu, watu wazima wamegeuza shingo kusikiliza habari ya kabichi.

Nao walikuwa na njaa, ndiyo sababu. Mtu wa mashine anakatazwa karibu kila kitu. Maharage hapana, nyanya hapana, ndizi hapana, chumvi usiitaje, na maji anapimiwa kikombe. Kinyozi akamrudishia dada yake ujumbe: "Dada, usiniambie 'nimekula kabichi' halafu basi. Niambie ilikuwaje. Na hao wa kantini uliwapikia nini? Hata kama hukula, nisimulie tu."

Basi akawa anamsimulia. "Leo nimewapikia maharage, yamelainika mpaka yanajipondaponda yenyewe. Kitunguu nimekikaanga kikawa cha kahawia, tangawizi inakuja mwisho kabisa, baada ya kumeza. Mchuzi wa nyama wa leo umepita wa jana. Mimi sijala, nimekula kabichi yangu." Wagonjwa walifumba macho. Nesi alisikia. Mimi nilisikia, nimekaa naye kizingitini nashona soli. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza lolote.

Mwezi wa kwanza alipopanda mizani alikuwa ameshuka kilo mbili. Tukasema mwanzo mgumu, si neno. Mwezi wa pili mizani ikasema vile vile. Nesi akauliza kwa upole kama kuna kitu anasahau kusema. Mke wangu akaapa. Akaongeza mzunguko wa uwanja, akaacha chakula cha usiku, akawa anaamka na kizunguzungu na hasira, tukagombana kwa sababu ya ufagio. Mwezi wa tatu akapanda mizani, mshale ukatulia, nesi akautazama, akautazama tena. Alikuwa ameongezeka kilo moja, na presha imepanda kuliko siku ya kwanza.

Mke wa Kinyozi alikuwepo. Yeye na mke wangu ni mawifi waliopendana, walikuwa wanasukana nywele. Lakini mumewe alikuwa ameanza kukohoa, rangi yake imekuwa ya majivu, na yeye ndiye aliyekuwa anambadilishia shuka. Alilipuka pale pale kwenye korido.

"Wifi, kama hutaki, sema hutaki! Mbona ni rahisi? Sema naogopa kisu, nitakuelewa! Lakini usimrekodie mume wangu kabichi kila siku, yeye analala anaamini, na wewe unakwenda kujipakulia kantini!"

"Mimi?" mke wangu akasema. Sauti yake ya kuita ng'ambo ya barabara haikutoka.

Nilikuwa nimebeba raba zake kwenye mfuko, nilitaka kuzibandika soli mpya mara ya pili. Nikazitoa. "Shemeji, tazama hizi. Tazama kisigino kilivyolika. Huyu mtu anatembea. Mimi naijua soli iliyotembea."

"Kisigino hakinisaidii," akanijibu. "Kula kwake ndiko ninakokuuliza, si kutembea." Akaondoka, na kuanzia siku ile hakumsemesha mke wangu tena. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu usiku ule, nimelala mgongo kwa mgongo na mke wangu, nami nilijiuliza lile lile aliloliuliza.

Siku chache baadaye nilipeleka kiwandani viatu vya mlinzi wa geti. Akaniruhusu nipite nimsalimie mke wangu, na nikasimama kwenye dirisha la kupakulia chakula, yeye hajaniona. Masufuria matano makubwa yako juu ya moto. Alikuwa anakwenda kutoka moja hadi lingine. Anachota kwa upawa, anamimina tone kiganjani, anaramba. Mchuzi, anaramba. Anatia chumvi, anakoroga, anaramba tena. Maharage, vivyo hivyo. Wali anaunyofoa kwa vidole viwili. Anageukia chai ya maziwa ya ofisini, kiganja, anaramba, anaongeza sukari, anaramba. Halafu anarudi kwenye mchuzi aanze upya. Wala hakuwa anajificha. Alikuwa anaimba.

Nikamwita. Akageuka kwa furaha. "Heh! Umefuata kula?"

"Unafanya nini hapo?"

"Nacheza mpira. Huoni napika?"

"Hicho ulichoramba."

"Si naonja."

"Hiyo umewahi kumwambia Kinyozi?"

"Nimwambie nini, kwamba nimeonja? Kwani kuonja nako ni kula?"

Alisema huku anacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Akakitazama kiganja chake. Kilikuwa chekundu katikati kwa miaka ya kumiminiwa mchuzi wa moto, nami nilikiona kila siku nikidhani wekundu ni wa moto wa jiko. Akakaa juu ya gunia la viazi. "Mama yangu wee," akasema. "Mama yangu mie."

Na kweli lilikuwa jambo la mama yake. Yule bibi alikuwa mpishi wa kukodiwa kwenye shughuli za watu, na watoto wake wawili ndio waliokuwa wasaidizi. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna mtoto wa kula kabla wageni hawajapakuliwa. Akikukuta na kipande cha nyama shavuni, unakitema. Lakini kuonja ilikuwa kazi. Anakuita, "Njoo uonje," unakinga kiganja, unaramba, unasema imepungua nini, na sahani yako unapewa baadaye, kamili, haikukatwa kitu. Mtoto aliyekulia pale atakula kutwa nzima kwa kiganja na akaapa kwa Mungu kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Na hatakuwa ameongopa.

Tulikwenda kwa nesi siku ile ile, aproni bado kiunoni. Hakumfokea. Alimwomba aonyeshe upawa unavyomimina, akamwonyesha kwa maji ya bomba kwenye kikombe, sufuria kwa sufuria. Kikombe kikajaa. Akajaza kingine. Nesi akafunga bomba. "Hizi ni sahani mbili zaidi kila siku, mama. Na hiyo chumvi ndiyo presha yako."

Kinyozi alipoambiwa alicheka mpaka mashine ikapiga kengele. "Dada, mama katushika huko huko aliko! Mimi nakusikia kila siku unaniambia tangawizi inakuja mwisho, sijajiuliza ulijuaje!" Wenzake nao wakacheka. Kisha akaulamba mdomo uliokauka. "Kwa hiyo sasa mchuzi sitausikia tena?"

"Hutausikia," dada yake akasema.

"Haya," akasema. "Si kitu."

Mkewe hakucheka. Alinifuata mimi mlangoni. "Afadhali angekuwa mwongo, shemeji. Mwongo ningemlaani, nikapumzika. Sasa huyu nimfanye nini?"

Mke wangu akaacha kuonja. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo, lakini mpishi asiyeonja ni sawa na mimi kushona kiatu nimefumba macho. Siku ya kwanza maharage yakatoka hayana chumvi. Siku ya pili yalikuwa na chumvi ya siku mbili. Wafanyakazi wakagonga masahani. Alimwomba muosha vyombo amwonjee, yule mama kila kitu kwake ni kizuri, hata wali ulioungua akasema mtamu. Mwisho wa wiki ya tatu msimamizi wa kantini akamwita, akamwambia kwa heshima zote kwamba watu wanafanya kazi ngumu na wanahitaji chakula kinacholika. Akampa mwingine upawa. Yeye akawekwa kwenye masinki, aoshe.

Nilitaka kwenda kumvuta yule msimamizi shati. Mke wangu akanikataza. "Niache. Kwenye sinki hakuna cha kuonja."

Na kilo zikashuka. Ziliporomoka, maana sasa hesabu ilikuwa ya kweli. Nguo zikawa zinamning'inia, akawa anazibana kwa pini kiunoni. Shingo ikatokeza mifupa. Sauti nayo ikapungua, sijui kwa nini, labda ni kule kwenye masinki hakuna mtu wa kumpigia kelele. Ujumbe wake wa jioni ukawa mfupi: "Dada hapa. Uwanja mara tano. Yai. Kabichi. Basi." Jogoo anawika, mzee wa kitanda cha pili anauliza, Kinyozi anajibu, "Kabichi." Wanageuza shingo upande wa pili.

Kamati ikamkubali. Presha imetulia, sukari imerudi nyuma, uzito ndio wanaoutaka. Wakampa tarehe, na nesi akamkumbatia. Mke wangu aliniambia njiani kwamba baada ya kupona jambo la kwanza atakalofanya ni kumpikia mdogo wake maharage, kwa figo mpya atakuwa anaruhusiwa, na ataonja mpaka ulimi uchoke. Alicheka cheko lake la zamani, watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikanunua tikiti maji.

Wiki ya operesheni Kinyozi akapata homa. Ilianza kwa baridi, anatetemeka juu ya mashine, meno yanagongana. Uchafu ulikuwa umeingia kwenye mrija, na mrija uko njia moja na moyo. Walimbadilishia mrija, wakamtia dawa za kila rangi, wakamhamishia chumba ambacho hatukuruhusiwa kuingia zaidi ya wawili. Mke wangu alisimama mlangoni kwa daktari, amefungua mikono. "Mimi niko tayari. Nipasueni. Nimetimiza kila kitu mlichosema, si mmenipima?" Daktari akamwambia hawawezi kumpandikiza mtu mwenye sumu kwenye damu, lazima homa ishuke kwanza. Haikushuka. Alifariki alfajiri, mkewe ameshika mguu wake mmoja na dada yake ameshika mwingine, na hawakutazamana.

Nilimchukua mke wangu nikarudi naye nyumbani kwa miguu, hakutaka kupanda chombo chochote. Karibu na uwanja wa shule akasimama. "Ile miezi mitatu," akasema, "niliiramba." Akanionyesha kiganja. Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Nilisema tu tuendelee kutembea.

Tulimzika mchana. Baadaye watu wakakaa uani kwa Kinyozi, wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake jikoni nje na sufuria kubwa la mchuzi. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, amefunga aproni kwa mazoea, hafanyi kitu. Mjane alikuwa ndani. Pale jikoni ubishi ukaanza, huyu anasema chumvi imetosha, huyu anasema bado, huyu anasema umezidi maji. Mwishowe mmoja akaita, bila kufikiri, "Mama Upawa, hebu njoo utuamulie."

Yule aliyeita akajiziba mdomo.

"Onjeni nyinyi," mke wangu akasema.

Lakini akainuka. Akachukua upawa, akachota, akamimina kiganjani. Alikitazama muda mrefu, mvuke unapanda. Nilidhani ataumwaga. Akaramba. "Hauna chumvi kabisa," akasema, kwa sauti ile ile ya kantini. Na mkono ukaenda wenyewe. Aliufuta kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akabonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Mdogo wangu, dada hapa," akasema. "Leo nimeonja. Mchuzi, umekosa chumvi."

Akaachia kifundo. Ndipo alipojua alichofanya, nikamwona uso. Ndani ya nyumba, katikati ya watu waliokaa na mjane kimya, jogoo akawika.

Mimi nina hasira za karibu, mkiniuliza nilitaka nini wakati ule, nilitaka kumpiga mtu, na nilitazama uani kote sikumwona wa kumpiga. Wanawake waliangalia moto. Mke wangu alisimama na simu mkononi, na machozi ambayo hakuyatoa hospitalini wala makaburini yakaanza kumtoka.

Mlango ukafunguliwa. Wifi yake alitoka, nguo za msiba, macho yamevimba. Mkono mmoja ameshika simu ya mumewe. Mkono wa pili ameshika kopo la chumvi. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye sufuria, akasimama mbele ya mke wangu, akafungua kifuniko.

"Tia, wifi," akasema. "Halafu uonje tena."

Mke wangu akakinga kiganja.